Bima inalipa mvua ya mawe, udongo mwekundu je?

Kila ikikaribia Mei simu yangu huanza kuingiza ujumbe wa aina moja. Kuna vijana wetu huku Marekani wamekolea kufukuza tonado, yaani kuukimbilia ule upepo mkali unaozunguka ili waushuhudie. Wanashuka Dallas, wanakodi gari, wanapandisha kaskazini kuingia Oklahoma na Kansas. Na kwa kuwa mimi nilishaumia, wananiuliza: "Kaka, bima ya gari la kukodi inalipa mvua ya mawe?"

Mara nyingi inalipa. Ukinunua ile karatasi wanayokuuzia kaunta, dola 15 hadi 30 hivi kwa siku, hata gari likirudi limebonyea kama sufuria la shughuli, kampuni kwa kawaida hubeba hasara yake. Angalia tu kama karatasi yako ni ya kugongana peke yake au ya hasara zote. Ila tunaiita bima kwa mazoea. Kisheria ni ahadi ya kampuni kwamba haitakudai, na mwenye ahadi ndiye aliyeweka masharti. Kwa hiyo mimi huwarudishia swali: mtapita barabara gani?

Magharibi ya Oklahoma vijia vya mashambani vimekatwa kama daftari la hesabu, karibu kila maili moja kuna njia panda, na vingi havina lami. Udongo wake ni mwekundu, ukilowa unateleza kama mlenda. Siku yangu, wingu lilikuwa kaskazini-mashariki na ramani ya simu ikanionyesha njia ya mkato. Nikakata kona. Sikufika hata nusu maili, gari likaanza kwenda ubavu, likatulia mtaroni huku bampa la mbele limeuma tope. Tukiwa tumekwama hapo ndipo mawe yakatukuta, makubwa kama mayai ya kuku. Kioo cha mbele kilipasuka mara mbili. Mwenzangu alijifunika begi kichwani, mimi nilikuwa nahesabu pesa.

Nilirudisha gari nikiwa na amani. Karatasi nilikuwa nayo. Kijana wa mapokezi aliangalia paa lililojaa vishimo, hakusema kitu. Kisha akachuchumaa, akakwangua chini ya bampa kwa ncha ya kalamu, akatoa bonge la udongo mwekundu lililokauka, akaliweka kiganjani na kulipiga picha. Paa hakulipiga hata moja.

Kwenye mkataba, maandishi madogo yale, kuendesha nje ya lami kunafuta ahadi yote. Haifutwi ya bampa peke yake. Na mawe ya angani, ambayo yangelipwa bila neno, yakahamia kwangu.

Bima yangu mwenyewe ingeweza kunifuata, kwa sababu huku bima kubwa ya gari lako kwa kawaida inakufuata kwenye gari la kukodi, na mvua ya mawe imo. Lakini nyumbani nilikuwa na Corolla kuukuu yenye bima ndogo, ya kulipa watu wengine tu. Asiye na bima kubwa nyumbani haipati njiani. Kadi ya benki nayo? Kadi nyingi hutaka ulipie gari kwa kadi hiyo hiyo na uikatae karatasi ya kaunta. Mimi nilikuwa nimeinunua. Na hata ningeikataa, kadi nazo haziipendi njia ya vumbi.

Bili ilipokuja, ya fundi wa bodi nilikubali. Iliyonikera ni ya siku gari lilipokaa gereji bila kukodishwa, eti hasara ya biashara. Hii naiona ni uonevu kama uwanja wao umejaa magari yasiyo na mteja. Niliandika kuomba rekodi zinazoonyesha kwamba siku hizo magari yao yote yalikuwa nje. Rekodi haikuja, ila kipengele hicho kilipungua karibu nusu. Kwa hiyo dai rekodi, kwa maandishi, na usilipe siku ya kwanza kwa aibu.

Rafiki yangu mmoja alinishauri niseme gari lilikuwa limeegeshwa hotelini. Nilikataa, na si kwa uchamungu tu. Video yangu ya mtaroni ilikuwa mtandaoni tangu saa 12 jioni ile ile, sauti yangu inasikika nikipiga mayowe. Magari mengi ya kukodi siku hizi yana kifaa kinachojua yalipopita. Na kumtangazia kila mtu kwamba umekwenda kuitafuta mvua ya mawe, kisha kuiandikia kampuni kwamba imekukuta usingizini, kwangu ni wizi.

Halafu kuna kubwa kuliko bodi. Tarehe 28 Machi 2017, karibu na Spur, Texas, magari mawili ya wafukuza tonado yaligongana kwenye njia panda, na watu watatu wakafa. Moja lilipita alama ya kusimama. Tonado haikuwagusa. Familia ya mmoja wao baadaye ilifungua kesi ya dola milioni 125. Karatasi ya kaunta inahusu gari la kampuni, utakayemgonga hayumo. Kiwango cha chini cha bima ya kulipa wengine huko Oklahoma ni dola 25,000 kwa majeruhi mmoja, pesa inayoweza kuishia hospitali kwa siku chache. Ile nyongeza ya kulipa wengine mimi sasa naichukua kila safari, hata kama chakula chetu kitakuwa mkate na soda.

Mwaka jana niliwapeleka vijana wawili. Jioni moja wingu lilianza kuzunguka vizuri sana, likahamia mashariki, na njia pekee ya kulifuata ilikuwa ya udongo. Nilisimamisha gari ukingoni mwa lami, nikazima injini. Mmoja wao hakunisemesha mpaka tulipofika mji wa Wichita Falls, Texas.