Maji mmepima, na tope je?

Wiki iliyopita tuliitwa kikaoni hapa Malindi kusomewa ripoti ya mazingira ya mradi mmoja utakaokuwa ukimwaga maji yake karibu na mlango wa mto Sabaki, jina la mradi siliweki hapa. Mtaalamu akatuonyesha majedwali, maji yametekwa hapa, yametekwa pale, kemikali hii haikuonekana, ile iko chini ya kiwango, hakuna tatizo. Akainuka mzee mmoja mvuvi akauliza, "Mwanangu, hayo maji mumeyateka juu. Kamba wangu wako chini. Huko chini mumepima?" Akajibiwa, "Shukran mzee, hilo tutalizingatia," kisha kikao kikaendelea na mambo ya ajira. Mimi tangu siku hiyo nina hasira, manake lile swali ndilo lilikuwa swali lenyewe na hakuna aliyelijibu.

Kemikali nyingi za viwandani hazipendi kukaa kwenye maji. Zile zenye asili ya mafuta, na metali nyingi pia, zikiingia mtoni au baharini zinashika chembe ndogo ndogo za udongo na mabaki ya majani yaliyooza, halafu zinashuka nazo chini. Kwa hivyo ukiteka maji juu unaweza kupata sifuri na hiyo sifuri ikawa ya kweli, mtaalamu hajadanganya mtu, lakini kemikali ishahama iko kwenye tope. Na huko kwenye tope ndiko wanakoishi daa, kome, kaa wa mikokoni, kamba, na vidudu vidogo ambavyo hata hatuna habari navyo. Wanachimba humo, wanapumulia humo, na wengine chakula chao ni hilo hilo tope, wanalimeza kutwa. Umepima kila mahali isipokuwa pale wanapoishi!

Na jamani, kama kuna mji Kenya hii haufai kusahauliwa kwa habari ya tope ni Malindi. Mvua ikinyesha bara, bahari yetu yote inageuka kahawia. Ule mto huko juu unaitwa Athi, unapokea mto Nairobi na chochote kilichomwagwa ndani yake, ukichanganyika na Tsavo unakuwa Galana, ukitufikia sisi ni Sabaki. Mzigo wote unamwagwa kwenye ghuba, kuanzia hapa kuelekea Ungwana, na huko ndiko kamba wanakovuliwa. Wale ndege wanaokuja mlangoni pale kila mwaka wakikimbia baridi ya Ulaya, wanaodonoa donoa maji yakipwa, wanatafuta nini kama si vidudu vya tope?

Sasa kupima tope si kuchota kilo moja upeleke maabara uletewe namba. Namba peke yake haitoshi. Shaba ile ile, kiasi kile kile, kwenye tope moja itaua na kwenye tope jengine isifanye kitu, kwa sababu salfaidi (madini ya salfa) na mboji zilizomo zimeikamata mnyama hawezi kuipata. Lazima umuulize mnyama mwenyewe. Na njia ipo, haihitaji kubuniwa. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linaloandika pia njia za kupima kemikali, wametoa mwongozo namba 218 tangu 2004: unaichanganya kemikali kwenye tope kwa viwango tofauti, unaweka maji juu, unaacha vitulie, unatia viluwiluwi vya Chironomus, mdudu kama mbu ila haumi, unangoja siku 28 uhesabu wangapi wametoka wakiwa na mabawa na wamechukua muda gani. Kwenye mitungi isiyotiwa kemikali wasipotoka angalau asilimia 70, jaribio lako halihesabiki. Kuna na mwongozo 225 wa 2007, huo ni wa minyoo ya Lumbriculus, inayozamisha kichwa topeni ikila na mkia ukabaki juu.

Ila hapa pia nina neno. Hawa wote ni wa maji baridi yasiyo chumvi, joto la jaribio ni digrii 20, na tope lenyewe la kutengeneza: mchanga kama asilimia 75, kaolini (udongo mweupe laini) 20, na mboji ya vinamasi vya nchi za baridi. Bahari yetu hata wakati wa kusi haishuki mpaka digrii 20. Kwa maji ya chumvi wanatumia vijidudu jamii ya kamba kama Corophium, wa fukwe za Ulaya, siku 10. Sawa, nakubali, bila kipimo kimoja cha wote huwezi kulinganisha kemikali na kemikali. Lakini usinichukulie jibu la mdudu wa Ulaya ukaniambia kamba wa Ungwana yuko salama.

Wako wanaosema kupima si lazima, piga hesabu tu: chukua sumu inavyoua viumbe wa majini, kadiria inavyogawanyika kati ya maji na tope, basi. Kama hatua ya kwanza siikatai. Lakini hesabu hiyo inamchukulia mnyama kana kwamba sumu inamfikia kupitia maji tu, yule anayekula tope hayumo. Ulaya wenyewe wanalijua hilo, ndiyo sababu kwa kemikali zinazonata sana wanaizidisha hatari mara 10.

Na tusiambiwe haya ni ya vitabuni. Rangi za kuzuia chaza na kome wasishike kwenye vyombo vya baharini zilikuwa na TBT, sumu yenye madini ya bati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa, walishindwa kuzaana na magamba yakaharibika, na kwengineko konokono wa kike wakaota viungo vya kiume, kwa kiasi kidogo mno cha sumu ile majini. Ufaransa ikaipiga marufuku kwa vyombo vidogo 1982. Mkataba wa dunia wa kuikataza ulipitishwa 2001 na kuanza kazi 2008. Miaka yote hiyo TBT ilikuwa inajilundika kwenye tope za bandari, na tope likichimbuliwa inaamka.

Gharama? Ndiyo, siku 28 za maabara ni ghali kuliko chupa ya maji. Na 2018 mahakama kuu hapa hapa Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoletewa na ujenzi wa bandari mpya, kwa hivyo tusijifanye kuharibu ni bure.

Kanuni zetu za ubora wa maji za 2006 majedwali yake yalikuwa ya maji, na tope nalo liwekewe kanuni. Lakini kwa ripoti hii hatungoji kanuni. Muda wa kupeleka maoni kwa maandishi haujaisha. Mimi nimeandika mambo matatu: tope lichotwe mlangoni na nje ya mlango, kabla ya mvua na baada ya mvua, lijaribiwe na viumbe hai, mmoja wao awe wa hapa hapa, na majibu yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wavuvi kabla leseni haijatolewa. Yule mzee ashatia sahihi wa kwanza. Barua iko kwangu mpaka Ijumaa.