Mche mfupi wa kivulini haujadumaa

Ukipita msitu wa Amani, Usambara Mashariki, chini ya miti mikubwa utakuta miche isiyofika gotini, kila mmoja na majani machache tu. Hatua chache mbele, palipowahi kukatwa miti, msizi, mti ulioletwa huko kutoka kwingine na kusambazwa na ndege hondohondo, umekwisha kupita paa la nyumba. Wengi hukata shauri hapo hapo: ule mfupi umeshindwa, ufyekwe, upandwe unaokimbia.

Hoja yao ina uzito. Sukari ya mti hutokana na mwanga, na kwenye ardhi tupu iliyochoka miti inayopenda jua ndiyo yenye uwezo wa kutangulia.

Lakini tazama hali ilivyo chini ya msitu uliofunga. Mwanga unaofika ardhini mara nyingi ni asilimia 1 au 2 tu ya ule wa juu ya miti. Mche unapumua saa 24. Jani, shina na mzizi vyote vinachoma sukari usiku na mchana, ilhali kuitengeneza ni mchana peke yake. Kwa asilimia 1! Ni kazi ya kijungu jiko. Sehemu kubwa ya mapato hayo huja na vijipande vya jua vinavyopenya majani kwa dakika chache, pengine sekunde.

Mche uliozoea kivuli hubana matumizi. Hupumua kidogo, jani lake hudumu muda mrefu, na wanga unaobaki huuweka akiba badala ya kuurefushia shina. Tawi likiuvunja, huchipua kwa akiba hiyo. Msizi una matumizi ya kitajiri. Kivulini hufa njaa, nasi tukadhani ni kiu.

Kitaluni urefu hutudanganya vibaya zaidi. Chini ya chanja nene, yaani paa la nyasi la kutia kivuli, mche hurefuka ukitafuta mwanga, na mnunuzi huuchagua huo huo, wenye shina kama uzi na mizizi haba. Ukitolewa ghafla juani, majani yake yasiyo manene hubabuka, kwani mwanga umezidi ule yanaoweza kuutumia. Ndiyo maana nyasi za chanja hupunguzwa kidogo kidogo kabla ya kupanda.

Mimi hutazama unene wa shina pale linapotoka udongoni. Na msituni, kabla ya kushika panga, ningepunguza kwanza matawi yaliyoufunika mche ule mfupi.