GPS ya kubandika kwenye kioo, mnaizika mapema

Juzi nimekaa kijiweni Ngamiani hapa Tanga, barabara ya 12, kapita mgosi mmoja mtu mzima na Land Cruiser yake ya kubebea wageni, kapaki anywe kahawa. Kioo cha mbele kabandika kile kiskrini cha Garmin cha kuelekeza njia. Vijana wakaangua kicheko, "Shehe, bado unatumia hiyo? Kwani simu huna?" Mzee akacheka nao, akamaliza kikombe, akalipa, huyo Saadani. Mi nikabaki najiuliza pale nani alikua wa kuchekwa, maana vijana wana hoja sikatai, ila mzee nae anayo na hakuna aliyemuuliza.

Hoja ya vijana fupi na inaeleweka. Simu unayo tayari, ramani bure, barabara ikibadilika inajirekebisha yenyewe, foleni inakuonyesha, na jina la duka unaandika tu linatokea. Kidude cha kubandika unakinunua kwa hela yako, kinataka chaja yake, ramani yake inazeeka ndani kama mkate. Hapo sibishani. Dereva teksi au bajaji wa mjini hapa akienda kununua Garmin ntamshangaa, na Ngamiani yenyewe hata simu huitaji, barabara zina namba, we hesabu tu ufike (na foleni ya Tanga ni ipi hiyo ya kuonyeshwa, ya baiskeli?).

Ila hii stori ya "simu imeua GPS" watu wanaisimulia kirahisi mno. Mwezi wa tano 2000 Wamarekani waliacha kuichafua kwa makusudi ile ishara ya setilaiti zao za GPS wanayopata raia, kabla ya hapo kifaa kiliweza kukosea kama mita 100, yaani kinakuweka mtaa wa pili kabisa, baada ya hapo ndo biashara ya kuelekezana barabarani ikawezekana kweli. TomTom ya Uholanzi ikatoa kidude chake kinaitwa GO 2004, Garmin nao wako moto, mpaka 2008 Garmin peke yao wanauza vitu vya karibu dola bilioni 3.5 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni hivi vya gari. Mwaka huohuo TomTom wakainunua Tele Atlas, kampuni ya kutengeneza ramani, kwa euro bilioni 2.9, na Nokia wakabeba Navteq kwa dola bilioni 8.1. Yaani wakubwa wote wanagombea ramani.

Sasa njoo tarehe 28 mwezi wa kumi 2009. Google wanatangaza maelekezo ya barabarani bure ndani ya simu za Android. Siku hiyohiyo hisa za Garmin zikashuka kama asilimia 16, za TomTom kama asilimia 20. Hii siku huwa inanisumbua kichwani. Kwa sababu hebu angalia, kilichotangazwa ni kitu cha majaribio, kinaanza kwenye simu moja ya Motorola, tena Marekani tu, na hakuna GPS hata moja iliyozima siku ile, zote ziliamka kesho yake zinaelekeza watu vilevile kama jana. Asilimia 16 imeenda wapi? Mi naona wenye hisa walielewa kitu ambacho sisi wa kijiweni hatujakielewa mpaka leo, kwamba pale kulikua kunauzwa ramani, kiskrini ni sahani tu, na kishatokea mtu anaegawa ramani bure maana hela yake anaipata kwenye matangazo. Na hao wenye vidude nao walijiponza wenyewe, ukitaka ramani mpya unalipa hela inayokaribia kununua kidude kipya, sasa nani atakubali? Walipokuja kuandika kwenye boksi kwamba ramani utapata mpya maisha yote, wateja washageuka na simu zao. Kwa iyo kilichokufa ni biashara ya kuuza ramani kwa dereva. Kifaa chenyewe kilikua hakina kosa.

Alafu kuna la kwetu. Hapa kile kidude hakijawahi hata kuishi vizuri tukasema kimekufa, maana ukikitoa kwenye boksi Tanzania yenyewe haimo au ipo mistari miwili mitatu, mpaka utafute ramani za Tracks4Africa, kampuni ya Afrika Kusini. Sisi wengi GPS tumeijulia kwenye gari za mitumba za Japani. Unatoa gari bandarini, unawasha, mama wa Kijapani anakusalimia, ramani inaonyesha kwao, gari inajiona iko katikati ya bahari. Fundi akichomoa betri kidogo tu redio inajifunga inadai kadi yake ya ramani. Ndo maana watu wanacheka mgosi akipita na Garmin, wanaikumbuka ile ya Japani, wakati wala hazifanani.

Sasa mzee wa Land Cruiser. Yeye haendi barabara ya 12, anaenda porini, Saadani, Amani, Mkomazi. Mi mwenyewe mwaka jana nlipandisha Amani na gari ya kuazima, nina simu na bando la kutosha najiona mjanja. Tumeacha Muheza, tunapanda milima ile, mtandao ukakata, ramani ikabaki karatasi nyeupe na kale kaduara ka bluu kanaelea kwenye hewa. Kaduara kanatembea! Maana GPS ya simu haiitaji bando, inasikiliza setilaiti zilizo juu kilomita elfu 20 na ushee, inajua kabisa uko wapi ila haina mchoro wa kukuonyesha. Wajuaji mtasema si ungepakua ramani mapema, ni kweli, Google wameruhusu kuelekezwa bila mtandao tangu 2015, lakini niambie we ambae umepakua, wangapi? Jua nalo linapiga dashibodi, simu ikachemka, mwanga ukashuka wenyewe, chaji ikagoma kuingia, na njia panda iko mbele. Tukashuka tukauliza mama mmoja mwenye kuni.

Kidude cha mzee kimetengenezwa kikae palepale kwenye jua kutwa. Ramani yote iko ndani. Hakipigiwi na shemeji katikati ya kona. Na kazi yake ni kusikiliza tu, ukikitumia hivohivo hakimwambii mtu umeenda wapi, wakati simu ile foleni inayokuonyesha imeijuaje kama sio kwa kuwasikiliza nyie wenyewe mnavyotembea? Hili watu wanalipita haraka sana.

Na sokoni ukiangalia hakijaisha, kimehamia kwa wenye shida nacho. Garmin wana cha malori kinachojua urefu na uzito wa gari, wana cha pikipiki za safari, huku hela nyingi wanapata kwenye saa, boti na ndege, 2024 wameuza zaidi ya dola bilioni 6. Simu ya kawaida inaelekeza semi-trela na Vitz njia ileile.

Ila mzee nae asijisahau. Hii barabara ya Pangani kwenda Saadani mpaka Bagamoyo inajengwa, ramani iliyolala kwenye kidude haitaijua mpaka mtu aiingize. Hapo mi naipenda OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, inachorwa na watu wenyewe, kama vijana wa mradi wa Ramani Huria walivyochora mitaa ya Dar, na unaweza kuipakia kwenye Garmin au kwenye simu.

Nlichofanya nimechukua simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, nimetoa laini, nimeijaza ramani hiyo ya Tanzania nzima, nimeibandika kwenye kioo cha gari. Kijana mmoja wa pale kijiweni kaiona kaniuliza, "Kaka, hii mbona haina laini, inapigaje?"