Aseniki siyo risasi (ile metali, siyo ya bunduki) jamani!

Jana jioni niko zangu kwenye foleni ya Tabata, simu inalia, grupu la ukoo. Shemeji yangu wa Geita karusha picha ya bustani ya mchicha aliyootesha pembeni ya lundo la marudio ya zamani, yaani ule mchanga unaobaki baada ya kuchenjua dhahabu, ambao unaweza kuwa na sumu ya aseniki, chini kaandika "mtaalamu kasema niweke samadi, chokaa na mbolea ya DAP ya kutosha, sumu yote inakufa". Watu kibao wakaweka makofi. Mimi hasira.

Sumu haifi! Aseniki haiozi wala haiungui ikaisha, kinachobadilika ni kama udongo umeishika au umeiachia ifuate mizizi. Na hapa ndo watu wanapigwa, wanadhani madini mabaya yote yana tabia moja. Risasi na kadimiamu ukiziwekea chokaa zinatulia, sawa. Aseniki ni mkorofi, yenyewe imejishikiza kwenye kutu ya chuma iliyomo ardhini, ukipandisha pH na chokaa, yaani ukipunguza uchachu wa udongo, mshiko unalegea, halafu juu yake unamwaga DAP! Fosfeti iliyomo kwenye DAP na aseniki ni kama mapacha, zinagombea siti ileile kama sisi na daladala ya Gongo la Mboto saa 12 jioni, fosfeti ikijaa aseniki inashushwa, inabaki kwenye unyevu wa udongo. Samadi nayo ina fosfeti hiyohiyo.

Haya, najua kuna mjuaji atasema fosfeti inaigombania aseniki hata mlangoni kwa mzizi, kwa hiyo pengine mmea unapona. Pengine. Nenda kacheze hiyo kamari na mboga ya watoto wako.

Cha kuongeza pale ni chuma, ndo kinaishika aseniki. Ila ukitumia salfeti ya chuma udongo unachachuka, inabidi uweke na chokaa kidogo, haya chokaa hapo nimekupa. Na mpunga usithubutu, maji yakituama ile kutu inayeyuka na aseniki inatoka nayo. Zebaki ya wachenjuaji sitaigusa leo, nitapandisha presha bure.

Nikamwandikia, shem, usichume, peleka udongo na majani maabara kwanza. Akajibu, "mbona umestawi vizuri tu?"

Si ndo hapo sasa! Umewekewa DAP, kwa nini usistawi? Mchicha wenye aseniki haukunji sura. Nikamuuliza kama ameshaanza kuuza, tiki za bluu mpaka sasa hivi.