Mikono Mbali na Mashine

Usiku wa siku ya 20, katika utotoleshaji wangu wa kwanza, niliua kifaranga kwa huruma. Alikuwa ametoboa ganda tangu asubuhi, na hadi watu wanalala tundu lilikuwa lilelile, dogo kama punje ya mtama. Nikafungua mashine, nikaanza kumbandulia ganda kwa ukucha. Damu ikatoka. Mishipa ya ule utando wa ndani ilikuwa haijanywea, na kiini kilikuwa hakijaingia chote tumboni. Hakukucha naye. Wenzake watatu waliokuwa wameanza kutoboa nao walikwama: nilipoinua kifuniko unyevu wote ulitoka, utando ukakauka na kuwabana humo humo.

Tangu siku hiyo naamini kwamba mashine ya kutotolesha inalaumiwa bure. Mara nyingi muuaji ni mwenye mashine.

Tuanze na joto. Yenye feni inataka nyuzi 37.5, isiyo na feni hupimwa juu ya mayai, kama nyuzi 38.5 hivi. Basi, ukishaiweka na kuihakikisha kwa themometa ya pili, iache! Sisi tunaona 37.2, tunapandisha; tunaona 37.9, tunashusha, kutwa nzima. Umeme ukikatika ndiyo balaa, mtu anafungua kila dakika kumi kupapasa mayai. Lakini tetea mwenyewe huinuka akaenda kula, mayai yakapoa kidogo, na bado anaangua. Kupoa kwa saa moja au mbili mayai mengi huvumilia. Kinachoyamaliza upesi ni joto kuzidi, na huzidi hasa pale unapotaka "kufidia" umeme ukirudi.

Maji nayo tunayamwaga kama tunamwagilia mchicha. Yai linatakiwa likauke kiasi: hadi siku ya 18 lipungue uzito kwa karibu asilimia 12, ili mfuko wa hewa kwenye upande butu upanuke. Humo ndimo kifaranga anavutia pumzi yake ya kwanza kabla hata ya kugusa ganda. Ukilizidishia unyevu, mfuko unabaki mdogo na kifaranga anafia ndani akiwa amekamilika, manyoya na kucha. Siku 18 za kwanza unyevu wa asilimia 45 hadi 50 unatosha. Siku tatu za mwisho ndipo uupandishe hadi 65 au 70.

Kugeuza ndiyo kazi halali ya mikono: mara tatu au tano kwa siku, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili yai lisilalie ubavu uleule kila usiku. Alama ya penseli inasaidia. Usipogeuza, kiinitete hugandamana na utando. Siku ya 18, koma. Kumulika kwa tochi mara mbili kunatosha, siku ya 7 na ya 14, kuondoa yasiyo na mbegu na mayai viza kabla hayajapasuka na kunuka. Kuhusu kuchagua mayai sina mengi: yasizidi siku saba, yasioshwe, yasiwe na ufa.

Najua wapo waliomsaidia kifaranga akatoka salama. Siwakatalii, wengine hulala vibaya ndani ya yai. Ila tangu kutoboa hadi kutoka, saa 24 ni jambo la kawaida, na wengi wetu huruma inatushika saa ya sita. Hata aliyekwisha kutoka hana haraka ya chakula, kwani kiini alichokivuta tumboni kinamtosha siku mbili na zaidi. Akae humo hadi akauke.

Mimi dawa yangu ni ya kitoto kidogo. Siku ya 18 jioni naongeza maji, nafunga kifuniko, kisha naigeuza mashine kile kidirisha chake kitazame ukuta. Nabaki kusikiliza milio tu.