Vumbi la mabomu kwenye udongo wa Kabale: linatuambia nini, na wapi linanyamaza

Ukisimama kwenye matuta ya ngazi kule Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, wakati maharage yameshatoa majani utaona kitu ambacho kila mkulima wa Kigezi, yaani eneo hilo la vilima, anakijua, upande wa chini wa tuta maharage yamenenepa, kijani kabisa, na upande wa juu ni mafupi ya manjano kama yamepandwa wiki mbili baadaye. Shamba lile lile, mbegu ile ile. Udongo mzuri umeshuka umekaa kwenye ukingo, na ndo maana wengine wanaishia kuuvunja huo ukingo kwa jembe ili wautawanye ule udongo, halafu mvua ikija inaondoka na vyote.

Sasa umeshuka kiasi gani? Kuna watafiti wanajibu hilo kwa kutumia seziamu-137, kitu chenye mionzi kinachotokana na milipuko ya nyuklia. Kuanzia miaka ya 1950 mataifa makubwa yalikuwa yanalipua mabomu ya nyuklia hewani kwa majaribio, hasa mpaka 1963 ambapo Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti walitia saini mkataba wa kuacha, na vumbi lake lilizunguka dunia nzima likashuka na mvua, hata huku kwetu. Seziamu ikishaingia kwenye udongo wa mfinyanzi inang'ang'ania, kwa hiyo ikisogea ni kwa sababu udongo wenyewe umesogea. Unagongelea bomba la chuma ardhini, sentimita 30 hivi au 40, unakausha, unachekecha, mashine inahesabu mionzi hata siku nzima, halafu unalinganisha na mahali ambapo ardhi haijaguswa. Ikipungua udongo umeondoka, ikizidi umeletwa. Na mtu asiogope kulima, potasiamu ya asili iliyoko kwenye udongo huo huo, ile ile iliyoko kwenye matoke, inatoa mionzi mingi zaidi ya hiyo seziamu.

Mimi naipenda hii njia kwa sababu moja kubwa. Ukiweka vibao na mapipa ya kukinga maji shambani utasubiri miaka, na utapima tu kile kilichobebwa na mvua. Lakini kwenye mteremko jembe lenyewe linashusha udongo, manake unalima umeangalia juu na kila bonge unalivuta kuja miguuni, msimu baada ya msimu, na viazi ulaya navyo vinatoka shambani vimebeba udongo. Seziamu inahesabu yote hayo kwa safari moja tu. Zambia walishaitumia kwenye bonde la mto Kaleya kulinganisha aina mbalimbali za matumizi ya ardhi.

Ila 2011 watafiti Parsons na Foster waliandika kuikosoa vikali, wakihoji misingi yake karibu yote, na 2013 mtafiti Mabit na wenzake wakawajibu kwamba ikitumiwa kwa uangalifu inafaa. Nimewasikiliza wote nikifikiria vilima vyetu, na naona kwenye swali la tarakimu wakosoaji wana hoja nzito.

Chukua mfano wa kutunga. Shamba linalimwa sentimita 20 kwenda chini, mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.2, basi hekta moja ina tani 2,400 za udongo wa kulimwa. Tuseme seziamu imepungua asilimia 30 kwa miaka 60, hiyo ni tani 720, sawa na tani 12 kwa mwaka. Sasa badilisha kitu kimoja tu, sema jembe la mkono linafika sentimita 15, inakuwa tani 9. Udongo ni ule ule, hakuna kilichobadilika shambani! Na hiyo sehemu ya kulinganishia yenyewe vipimo vyake mara nyingi vinatofautiana kama asilimia 20 kutoka shimo moja hadi lingine, tena Kigezi utaipata wapi ardhi tambarare ambayo haijaguswa miaka 60? Uwanja wa kanisa unafagiliwa, uwanja wa shule ulisawazishwa, na mvua ya bonde siyo mvua ya kilele. Kwenye miteremko ya mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, kama Bududa, ambako mlima wenyewe uliporomoka 2010, hesabu hii ndo haina pa kushika kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba seziamu haisemi lini. Udongo ungeweza kuondoka 1975 mikononi mwa babu, au mwaka jana, jibu litatoka lile lile, halafu mama anayelima pale leo anaonekana ndo mharibifu.

Kwa hiyo tani kwa hekta zisipelekwe kwenye sera kama vile zimepimwa kwa mizani, lakini ramani ya wapi panapungua na wapi panajaa hiyo naiamini, na ifanywe mapema, manake seziamu inapungua nusu kila miaka 30 hivi, tumebaki na kama robo tu ya ile ya 1963, na huku ikweta ilishuka kidogo kuliko kaskazini. Kuna wanaohamia plutoniamu-239 ya mabomu hayo hayo, yenyewe nusu yake inachukua miaka 24,000, ila inahitaji mashine na kazi nyingine za maabara.

Ningependa waanze na tuta moja, wachimbe juu, katikati na chini, kisha matuta kumi hivyo hivyo, na mwenye shamba awe amesimama pale anawaambia ukingo ulivunjwa mwaka gani na nani alikuwa analima.