Muuaji wa kukodiwa kwenye simu ya binti wa kidato cha tatu

Hapa Dodoma kuna ubishi kati ya wazazi na mabinti zao, na mimi, shangazi mpenda vitabu, navutwa na pande zote mbili. Ubishi wenyewe ni juu ya Throne of Glass, mfululizo wa riwaya za Mmarekani Sarah J. Maas ulioanza mwaka 2012 na kumalizika 2018. Vitabu ni vinane ukihesabu na mkusanyiko wa hadithi za utangulizi. Mabinti wanavisoma kwenye simu wakiwa likizo, usiku, kwa Kiingereza kinachowalazimu kufungua kamusi kila mara. Mhusika mkuu, Celaena Sardothien, ana miaka 18, na kazi yake ni kuua watu kwa malipo. Wazazi wanauliza mtoto atajifunza nini kwa mtu wa namna hiyo. Nimevisoma vyote. Naona mabinti wana kila haki ya kumpenda Celaena, na wazazi wana haki ya kuwa na wasiwasi, ila wasiwasi wao wameuelekeza kusiko.

Kisa kinaanzia kwenye migodi ya chumvi ya Endovier, ambako Celaena amefungwa minyororo kwa mwaka mmoja. Alipojaribu kutoroka aliua msimamizi wake na walinzi 23, wakamkamata ukuta ukiwa umebaki kidole tu aufikie. Sasa Dorian, mwana wa mfalme aliyemfunga, anamletea sharti: ashindane na wezi, askari na wauaji wenzake; akishinda, amtumikie mfalme miaka minne kisha awe huru. Mfalme huyo ndiye aliyeziteka nchi za jirani na kupiga marufuku uchawi.

Wanaopinga vitabu hivi si wajinga, na sipendi wanavyobezwa na vijana. Kwa msomaji wa New York uchawi ni jambo la kubuni tu. Kwetu watu wamekufa kwa tuhuma za uchawi: vikongwe wamesingiziwa na kukatwa mapanga, watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mama aliyekulia katika hofu hiyo, akisikia kwamba kitabu cha kwanza kina alama za siri za kuita mnyama muuaji kutoka ulimwengu mwingine, siwezi kumwambia kwamba ni mshamba. Namwambia akae na mwanawe wausome ukurasa ule pamoja. Atakuta kwamba mwandishi naye anauchukia uovu ule.

Hoja ya kwamba binti atajifunza ukatili ndiyo siikubali. Wazazi hawahawa, au baba zao, walikua na wapelelezi wa riwaya zetu, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Vitabu vile vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakanyofoka. Willy Gamba alimwaga damu kweli kweli, na wasomaji wake leo ni walimu, madereva, wazee wa kanisa na mashehe. Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba safari hii anayeshika kisu ni msichana. Kwa Willy Gamba, wanawake wengi walikuwa warembo wa kumtega au kumliwaza. Nuru wa Joram Kiango alikuwa na akili na ujasiri, lakini umaarufu wa upelelezi ulibaki kwa Joram.

Halafu, ukiwauliza mabinti wamempendea nini Celaena, hawaanzi na visu. Wanaanza na peremende: asubuhi ya sikukuu anaamka anakuta mfuko umejaa, anazibugia mpaka meno yanakuwa mekundu. Wanaanza na magauni, na maktaba ya ikulu, na vitabu anavyokesha navyo. Wengine wanakumbuka mazoezi. Mwaka wa mgodini umemmaliza mwili, na siku za mwanzo akikimbia na Chaol, nahodha wa walinzi, anatapika. Kesho yake anarudi tena. Binti yeyote aliyekimbia mchakamchaka alfajiri na upepo wa Julai wa Dodoma unampiga usoni anaijua hali hiyo.

Kwangu mimi, kilicho na uzito kuliko vyote kimo kwenye hadithi za utangulizi. Celaena alichukuliwa akiwa na miaka minane, yatima, na Arobynn Hamel, bwana wa wauaji. Akamlisha, akamvisha, akamfundisha kazi, na gharama za malezi hayo zikageuka deni juu ya kichwa cha mtoto. Siku alipotumwa kwenda kuleta watumwa karibu mia mbili na yeye akawaachia huru, Arobynn alimpiga mpaka akazimia. Baadaye akamletea zawadi za gharama. Mwishoni Celaena anakusanya pesa, analipa deni lake na la kijana anayempenda, Sam, kisha anahama.

Dodoma na Singida ni mikoa inayotoa wasichana wengi wa kazi za ndani. Mtoto anachukuliwa kijijini na mtu atakayemwita mjomba au mama mdogo, anaahidiwa kusomeshwa, na siku akidai mshahara anahesabiwa ugali aliokula, sabuni aliyofulia na magauni aliyopewa. Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa Arobynn ni mtu gani. Tena yumo katika nchi ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana mpaka afikishe 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia hivyo mwaka 2019. Binti wa umri huo anapomwona msichana mwenzake anamwekea mlezi pesa mezani na kuondoka, anapata picha ambayo vitabu vyetu vimempa kwa nadra sana. Kwa hilo peke yake ningemnunulia kitabu.

Sasa upungufu. Celaena anatajwa kuwa muuaji wa kutisha kuliko wote, lakini mwandishi hamruhusu kumuua mtu ambaye sisi tungemlilia. Katika kitabu cha pili anatumwa na mfalme kuua. Kwa siri anawatorosha waliolengwa na kuleta ushahidi wa uongo. Inasisimua, nami niliisoma bila kupumua. Ila swali zito limekwepwa. Wanaokufa kwa mkono wake karibu wote ni waovu, na hatupelekwi kwenye msiba wao, hatumwoni mjane wala mtoto. Mzazi anayetaka kumhoji mwanawe aanzie hapo: ni nani amelia katika kitabu hiki, na ni nani amenyimwa kuliliwa?

Vitabu vya mwisho navyo vina mambo ya chumbani ya wazi, hasa kuanzia cha tano. Mimi naishia cha tatu kwa binti wa kidato cha tatu. Vingine atavikuta akikua.

Lakini kinachoniuma ni Nehemia, na hapa nafichua kisa, asiyetaka aruke. Nehemia ni binti mfalme wa Eyllwe, nchi iliyotekwa, mwenye ngozi nyeusi, ambaye watu wake wanapelekwa utumwani hukohuko migodini. Anakuja ikulu ya adui, anajifanya hajui lugha yao vizuri, anasikiliza kila kitu, anapanga upinzani. Ni jasiri kuliko Celaena maana yeye ana taifa mgongoni. Kitabu cha pili kinamuua. Baadaye tunaelezwa kwamba yeye mwenyewe alikubali kufa ili rafiki yake mweupe azinduke na aingie vitani. Wasomaji wengi duniani wamelilaumu hili, nami naliona ni kosa kubwa kuliko visu na uchawi vikiwekwa pamoja, kwa sababu linamfundisha binti mweusi kwamba ushujaa wake ni wa kumwandalia njia mwingine.

Uwanja wa mpira wa Singida unaitwa Liti, kwa jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya kwao yanasema aliwakabili Wajerumani kwa nyuki, mwanzoni mwa karne ya 20. Mabinti niliowasimulia walitaka kujua alikuwa anakula nini, anampenda nani, nyuki aliwatuma vipi. Hayo ndiyo maswali wanayouliza juu ya Celaena. Riwaya nene ya Kiswahili inayoyajibu, Liti akiwa ndiye mwenye kisa toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, ningeiweka mikononi mwao kabla ya kitabu chochote cha Maas, na bado nisingewanyima Maas.